Nyongeza Mezani, Vizuizi Mlangoni: Wanawake na Mchezo wa Puli katika Migori na Homa Bay

Katika michezo ambayo washindani wake hawalingani kwa uwezo, umekuwapo kwa muda mrefu utaratibu wa kumpa aliye nyuma nyongeza fulani kabla ya pambano kuanza, ili ushindi usiwe umekwisha kujulikana hata pigo la kwanza halijapigwa. Nyongeza hiyo, ambayo wacheza gofu huiita hendikapu, ilikomaa katika mbio za farasi za Uingereza za karne ya 18 na ya 19, ambako farasi mwenye sifa ya kasi alibebeshwa uzito mkubwa kuliko wenzake, na kufikia mwaka 1855 kazi ya kupanga uzito huo ilikuwa imekabidhiwa ofisa maalumu, Admirali Henry John Rous. Biliadi nayo ikaipokea, ambapo bingwa alimwachia mpinzani wake pointi kadhaa za kuanzia na wacheza kamari wakaweka fedha zao kwa kukisia kama pointi hizo zingetosha.

Mchezo wa Kichina wa mpira wa nane, ambao siku hizi hutangazwa kimataifa kwa jina la heyball, ni miongoni mwa michezo ya meza inayoendeleza utaratibu huo hadi katika mashindano ya wanaolipwa. Huchezwa kwa mipira 15 yenye namba pamoja na mmoja mweupe wa kupigia. Mchezaji mmoja huchukua saba ya rangi tupu, yaani namba 1 hadi 7, mwenzake huchukua saba yenye mistari, yaani 9 hadi 15, na anayemaliza ya kwake kisha akautumbukiza mweusi wenye namba 8 ndiye mshindi. Hadi hapo hautofautiani na puli ya kawaida, lakini meza yake ya futi tisa ina mifuko ambayo midomo yake imeviringwa kama ya meza ya snuka, kwa hiyo mpira unaogusa kona ya mfuko hurudi nje mahali ambapo katika meza ya Kimarekani ungeteleza na kuingia. Katika baadhi ya mashindano yake ya wazi, mwanamke anayekutana na mwanamume huanza akiwa tayari amehesabiwa ushindi wa michezo kadhaa: kama pambano ni la kufikia michezo tisa, huenda yeye akaanzia miwili na mwanamume akaanzia sifuri.

Mtu anayeufahamu mchezo huu atauliza mara moja nyongeza hiyo inafidia nini, kwa kuwa puli si mchezo wa misuli. Pigo la kuvunja, ambalo hutawanya mipira iliyopangwa kwa umbo la pembetatu, linahitaji nguvu kidogo. Mengine yote ni jicho, mkono usiotetemeka na akili ya kupanga mpira mweupe utasimama wapi baada ya pigo. Mchina Pan Xiaoting alitwaa ubingwa wa dunia wa wanawake wa mpira wa tisa mwaka 2007, na waliomtazama hawakuona upungufu wowote wa mwili katika mchezo wake. Pengo lililopo kati ya wanawake na wanaume limetokana hasa na saa ambazo kila upande umekaa mezani, umri ambao kila upande ulianza, na wingi wa wapinzani wenye uwezo ambao kila upande umekutana nao. Ndiyo maana katika snuka njia nyingine ilijaribiwa: Reanne Evans wa Uingereza na Ng On-yee wa Hong Kong walipewa mwaka 2021 nafasi za misimu miwili katika mzunguko mkuu wa wanaolipwa, bila kuongezewa hata pointi moja mezani, ili wacheze na mabingwa mara kwa mara na kupata uzoefu ambao mashindano ya wanawake peke yao hayakuweza kuwapa.

Kuna basi nyongeza ya mezani na kuna nyongeza ya mlangoni, na historia ya mchezo huu katika Migori na Homa Bay haieleweki bila kuzitenganisha hizo mbili. Katika miji na fukwe za kaunti hizo za kusini-magharibi mwa Kenya, nyongeza ya mezani hutolewa kila jioni na haimgharimu anayeitoa chochote. Nyongeza ya mlangoni ndiyo iliyokuwa adimu, kwa sababu meza ilipofika ilikuta nafasi yake imekwisha kuandaliwa na uvuvi, dhahabu, miwa, kanisa na sheria ya pombe, na kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa kimekwisha kuamua ni nani angekuwa karibu nayo.

Eneo hili lilikuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kusini iliyoendeshwa kutoka Kisii, hadi mwaka 1961 lilipotengwa kuwa wilaya ya Nyanza Kusini yenye makao makuu Homa Bay. Migori ikapata wilaya yake mwaka 1992, na mfumo wa kaunti ulioletwa na Katiba ya 2010 ulianza kufanya kazi humo mwaka 2013. Wakazi wake wengi ni Wajaluo, pamoja na Wasuba wa visiwani na mwambaoni, Wakuria wa upande wa mpaka wa Tanzania, na wafanyabiashara wa asili ya Kiasia, Kisomali na Kinubi waliokaa mijini kwa vizazi kadhaa. Michezo ya kushindana kwa akili haikuletwa na wageni. Katika Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila saruji ambalo lilijengwa kiasi cha miaka 500 iliyopita na ambalo Unesco ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, mwambani mna vishimo vya ajua, bao la Wajaluo, vilivyochongwa ndani ya boma lenyewe, mahali pa kukalia wenye nyumba na wageni wao.

Biliadi ya kikoloni haikuwafikia wacheza ajua hao. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, meli zikawa zikisafirisha mizigo na abiria hadi Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, lakini meza ya biliadi yenye urefu wa futi 12, ambayo kwa bamba lake la jiwe huzidi uzito wa tani moja, ilikuwa samani ya klabu: ilihitaji jengo, sakafu imara, mtumishi wa kuipiga brashi na uanachama uliopangwa kwa rangi ya mtu. Mwafrika aliingia katika chumba cha namna hiyo akiwa amebeba sinia. Mwanamke wa Kizungu mwenyewe, katika klabu nyingi za enzi hiyo, alikuwa na ukumbi wake wa pembeni na hakutarajiwa kuonekana penye meza, jambo linalofaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba aibu ya mwanamke kushika fimbo ya kuchezea ilizaliwa kijijini.

Kilichowafikia watu wengi mapema zaidi kuliko mchezo ni mafundisho dhidi yake. Mwezi wa Novemba 1906 Arthur Carscallen, mmishonari wa Kanisa la Waadventista Wasabato, alifika Gendia karibu na Kendu Bay na kuanzisha misheni ambayo baadaye ilieneza shule, hospitali na makanisa katika sehemu kubwa ya Nyanza Kusini. Uadventista ulikataza pombe, tumbaku na kamari, ukaifanya Jumamosi kuwa siku ya ibada, na ukawapa wanawake vikundi vyao vya huduma, madarasa yao na heshima ambayo ilijengwa juu ya kujitenga na mambo ya kilabuni. Mafundisho hayo yaliwafungua wanawake wengi kwa upande wa kusoma na kuandika, na hilo si dogo. Lakini yalichora pia mstari kati ya mwanamke wa kanisa na mwanamke wa baa, na mstari huo ulidumu hata kwa familia ambazo hazikuwahi kubatizwa.

Mstari huohuo uliimarishwa na chama cha Luo Union, ambacho katika miaka ya 1940 na 1950 kilishughulikia mazishi, elimu na umoja wa Wajaluo waliohamia mijini, na ambacho matawi yake ya Nairobi, Kampala na kwingineko yaliwakamata wanawake waliokaa mijini bila waume au wazazi na kuwarudisha vijijini kwa nguvu. Hoja ya viongozi wake ilikuwa kulinda jina la jamii. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwanamke aliyeonekana peke yake mahali pa starehe penye wanaume alihesabiwa kuwa na kesi ya kujibu, na mwanamume aliyekuwa amekaa naye meza moja hakuulizwa lolote.

Kufikia uhuru wa Kenya mwaka 1963, basi, milango ilikuwa imekwisha kufungwa ingawa meza yenyewe ilikuwa bado haijafika. Iliyokuja baadaye haikuwa ile ya klabu. Ilikuwa meza ndogo ya futi saba inayoendeshwa kwa sarafu, chombo kilichobuniwa kwa ajili ya baa, kinachoweza kupandishwa kwenye pikapu, kupitishwa katika barabara mbovu na kuwekwa juu ya sakafu yoyote mradi vipande vya mbao au kadibodi vimeingizwa chini ya miguu yake hadi mpira ukiachwa katikati usijiviringishe wenyewe. Ilienea nchini hasa katika miaka ya 1990, biashara ya nje ilipolegezwa na bidhaa za kila namna zikaingia kwa urahisi.

Ufundi wa meza hiyo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndio ulioamua mahali ingekaa. Mchezaji huweka sarafu au tokeni katika kitelezi cha chuma kilicho ubavuni, hukisukuma ndani kwa nguvu, na kizuizi kilicho chini ya meza huinuka na kuiachia mipira 15 ishuke kwa kishindo katika kisanduku cha mbele. Tangu hapo kila mpira unaoingia mfukoni hupitia mfereji wa ndani na kufungiwa hadi sarafu nyingine ilipwe, isipokuwa mpira mweupe, ambao kwa kuwa ni mkubwa kidogo au una chuma ndani yake hupelekwa njia nyingine na kurudishwa nje. Hakuna umeme unaohitajika. Taa ya karabai au ya betri inayoning'inizwa juu ya kitambaa inatosha, kwa hiyo meza iliweza kuwekwa katika ufuko ambao haujawahi kuona waya wa stima, na mwenye meza, ambaye mara nyingi si mwenye baa, alipita kila baada ya muda na ufunguo wake, akafungua kisanduku cha sarafu na kugawana kilichomo na mwenye jengo. Kwa biashara ya namna hiyo jambo la kwanza kutafutwa ni mahali ambapo fedha taslimu hupita mikononi mwa watu kila siku, tena mikononi mwa watu wenye saa za kusubiri.

Nyanza Kusini ilikuwa na mahali pengi pa namna hiyo. Macalder, katika Nyatike, mgodi wa shaba na dhahabu ulichimbwa na kampuni tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na baada ya hapo wachimbaji wadogo walirudi katika miamba ileile na ile ya jirani, wakichimba kwa mikono, kwa vikundi, na kulipwa kwa kadiri ya mawe waliyotoa. Awendo kilisimama kiwanda cha sukari cha South Nyanza Sugar, kilichoundwa kama kampuni mwaka 1976, na kukizunguka kukakua mji wa wakata miwa, madereva wa matrekta na makarani. Isebania, mpakani na Tanzania, malori yalisubiri karatasi za forodha. Na ziwani, sangara aliyeingizwa katika Ziwa Viktoria katikati ya karne ya 20 alizidi kwa wingi katika miaka ya 1980, viwanda vya kusindika minofu ya kuuza Ulaya vikajengwa, na fukwe kama Sori, Muhuru, Sindo, Mbita na visiwa vya Remba na Ringiti zikageuka kuwa vituo vya wavuvi waliotoka mbali na kulala huko kwa miezi.

Katika kila mojawapo ya kazi hizo wanawake walikuwapo, tena kwa wingi, lakini si katika sehemu ambayo fedha yake hulipwa jioni na kumwachia mtu muda. Machimboni, wanaume ndio walioshuka shimoni, na wanawake wakaponda mawe, wakayasaga na kuosha mchanga katika karai. Ufukoni mgawanyo ulikuwa mkali zaidi. Omena, dagaa wa Ziwa Viktoria, huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na mtumbwi hurudi alfajiri. Mwanamke anayenunua lazima awe majini kabla ya jua, akubaliane bei kwa karai, abebe, aanike juu ya nyavu zilizotandazwa, ageuze, afukuze ndege, akusanye kabla ya mvua na kutafuta gari la sokoni, wakati mvuvi aliyemuuzia ameshalala na atakapoamka atakuwa na fedha mfukoni na mchana mzima mbele yake. Siku za mwezi mpevu, mwanga wa mbinguni unapoziondolea taa nguvu yake ya kuvuta samaki, mapumziko hayo ya wavuvi hurefuka kwa siku kadhaa. Tena katika miaka ambayo samaki walipungua, baadhi ya wavuvi walianza kuwauzia kwanza wanawake waliokubali kuwa wapenzi wao, mpango unaojulikana kando ya ziwa kwa jina la jaboya, kwa hiyo hata ununuzi wenyewe ukawa pambano ambalo mwanamke aliliingia akiwa nyuma.

Meza ilipowekwa katika mazingira hayo ilijitengenezea desturi zake haraka. Mshindi hubaki mezani na mpinzani mpya ndiye anayelipa. Anayetaka zamu huweka sarafu yake juu ya ukingo wa mbao, na foleni ya sarafu hizo ndiyo foleni ya watu. Utaratibu huu, ambao unafuatwa katika baa za nchi nyingi, ni wa haki kwa sura yake na mkatili kwa matokeo yake, kwa sababu mchezaji mzuri hucheza jioni nzima kwa sarafu moja huku anayejifunza akilipa kila mara anapotaka kufungwa tena. Yeyote mwenye fedha kidogo hujifunza polepole. Mwanamke ambaye faida yake ya omena imekwisha kugawiwa kwa ada ya shule, mchango wa chama na nauli hawezi kuinunua elimu hiyo ya sarafu kwa sarafu, ilhali mvuvi wa rika lake anaweza.

Hapo ndipo nyongeza ya mezani huingia. Mchezaji anayejiamini humwambia mpinzani dhaifu avunje yeye, au humwondolea mipira miwili kabla ya kuanza, au hukubali kucheza kwa mkono usio wake wa kawaida, au huahidi kuutumbukiza mweusi katika mfuko mmoja tu uliotajwa mapema. Kati ya wanaume wawili makubaliano hayo huwa ya kibiashara, kwa kuwa kuna dau, na hujadiliwa kwa ukali kama bei ya ng'ombe. Anapopewa mwanamke, ambaye mara nyingi ni mhudumu wa baa hiyohiyo anayecheza saa ambazo wateja ni wachache, hutolewa bila hata kuombwa na kwa kicheko, na kicheko hicho hubadilisha maana yake: akishinda, husemwa kwamba aliachiwa, akishindwa, huonekana kwamba hata kuachiwa hakukumsaidia. Mwanamke wa mashindano ya Kichina anayeanzia michezo miwili anajua kwamba idadi hiyo imeandikwa katika kanuni, inatumika kwa kila mwanamke, na haitegemei hisani ya mpinzani wake. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni kubwa kuliko idadi yoyote ya mipira.

Mashindano yaliyopangwa rasmi Afrika Mashariki yalikuja kwa mkono wa viwanda vya bia. Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Isebania, bia ya Safari Lager ilidhamini kwa miaka kadhaa ubingwa wa taifa wa puli uliochezwa kuanzia ngazi ya klabu na mkoa, ukiwa na kundi la wanawake mmoja mmoja. Uganda, bia ya Nile Special ilihusishwa na ligi ya taifa, na wachezaji kama Rashida Mutesi wakajulikana kwa majina yao katika kurasa za michezo. Udhamini huo uliwapa wanawake kitu ambacho baa ya kawaida haikuwapa, yaani kombe lao, ratiba yao na mwamuzi, na ingekuwa utovu wa shukrani kuupuuza. Hata hivyo uliifunga puli na pombe kwa fundo gumu zaidi, maana klabu iliyoshiriki ilikuwa baa, mazoezi yalikuwa baa, na bango lililokuwa nyuma ya bingwa lilikuwa la chupa.

Fundo hilo lina uzito wa kisheria nchini Kenya. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliizoea kwa jina la mbunge aliyeipigania, John Mututho, iliruhusu baa za kawaida kuuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana mwishoni mwa juma na sikukuu, na ikakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuingia katika majengo hayo. Makusudi yake yalikuwa mema, na miji mingi ya Nyanza ilikuwa na sababu za kuyapokea. Lakini kwa meza iliyo ndani ya baa, sheria hiyo ilimaanisha kwamba mchezo unaruhusiwa hasa katika saa ambazo mwanamke mwenye familia anapika, anaogesha watoto na kujitayarisha kuamka alfajiri, na kwamba msichana hana njia halali ya kuugusa mchezo hadi atimize umri ambao mabingwa wa kwingineko huwa wamekwisha kucheza miaka mitano au zaidi. Kwa mvulana sheria ni ileile, isipokuwa kwamba mvulana anayechungulia dirishani au anayetumwa kununua sigara huvumiliwa, akaokota mchezo kwa macho, na msichana afanyaye hivyo huitwa jina baya siku hiyohiyo.

Inafaa kutazama jinsi eneo hilohilo lilivyoshughulikia nyongeza ya mlangoni katika mambo mengine, kwa kuwa Homa Bay imehusika na suala hilo kwa namna ya pekee. Phoebe Asiyo, aliyezaliwa mwaka 1932, akaongoza chama cha Maendeleo ya Wanawake na kufanya kazi ya ofisa wa magereza kabla ya siasa, alichaguliwa mbunge wa Karachuonyo mwaka 1979 katika uwanja ambao haukumwekea nafasi yoyote ya kando. Mtu aliyeshinda bila nyongeza angeweza kusema kwamba wengine nao washinde hivyo. Yeye, mwaka 1997, aliwasilisha bungeni hoja ya kutaka hatua maalumu zichukuliwe ili wanawake wapate sehemu inayostahili ya viti, na wabunge, ambao karibu wote walikuwa wanaume, wakaiangusha. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilirudisha wazo lake kwa nguvu zaidi: Kifungu cha 81 kilitaka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa chombo chochote cha kuchaguliwa, na Kifungu cha 97 kikaweka viti 47 vya wanawake, kimoja kwa kila kaunti. Bunge lilipochelewa kutunga sheria ya kutekeleza theluthi hiyo, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais mwezi wa Septemba 2020 alivunje, ushauri ambao haukufuatwa.

Gladys Wanga alikalia kiti hicho cha mwanamke wa kaunti ya Homa Bay kuanzia 2013, akakitetea mwaka 2017, na mwaka 2022 akagombea ugavana, kiti kisicho na nyongeza ya aina yoyote, akawashinda wanaume na kuwa gavana wa kwanza mwanamke wa kaunti hiyo. Njia yake inafanana kwa karibu na ile iliyokusudiwa kwa Evans na Ng katika snuka: aliingizwa uwanjani, akazoea uwanja, kisha akacheza kwa kanuni za wote. Ufukoni nako, kanuni za vikundi vya usimamizi wa fukwe za mwaka 2007, vinavyoshughulikia usajili wa mitumbwi, usafi wa mialo na kupambana na nyavu haramu, zilitaka kamati ya utendaji iwe na wanawake wasiopungua watatu. Idadi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na wingi wa wanawake wanaoishi kwa samaki, lakini iliwaweka katika chumba ambamo bei na zamu hujadiliwa, na mwanamke aliyezungumza mbele ya kamati hiyo hakuambiwa kwamba ameachiwa.

Puli haikupata kanuni ya namna hiyo, na sababu yake si uadui bali ni kwamba hakuna mamlaka iliyoihesabu kuwa mchezo. Machoni pa chifu ilikuwa kero ya vijana wasiofanya kazi, machoni pa mchungaji ilikuwa kamari, machoni pa ofisa wa mapato ilikuwa chanzo cha ada. Janga la Korona lilidhihirisha jambo hilo: baa zilipofungwa mwaka 2020 hadi Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kufunguliwa kwake mwishoni mwa Septemba, meza zilifungwa pamoja nazo, na kufunguliwa kwa michezo mingine kulipojadiliwa na maofisa wa michezo wa kitaifa, puli ilisubiri upande wa vileo.

Mamlaka ya kulitengua fundo hilo kwa sasa yako Homa Bay na Migori zenyewe. Jedwali la Nne la Katiba, katika sehemu inayoorodhesha kazi za kaunti, linaweka ndani ya fungu moja kamari, utoaji wa leseni za vileo, maktaba, na michezo pamoja na viwanja na kumbi zake, yote yakiwa burudani na huduma za umma. Kaunti inayotoa leseni ya baa ndiyo inayojenga kumbi za vijana, ndiyo inayopanga ada ya meza, na ndiyo yenye uwezo wa kuiweka meza hiyo katika ukumbi usiouza bia, unaofunguliwa saa 4 asubuhi omena wakiwa wameshaanikwa, ambamo msichana wa miaka 13 anaweza kushika fimbo mbele ya mwalimu bila mtu kuvunja sheria yoyote.